Kabla Hawajayachonga

Mjukuu wangu,

 Huku Maji ya Chai daktari wa moyo ameniambia mambo bila kuyazungusha, nami nimemshukuru kwa hilo. Basi barua hii ichukue kuwa wosia. Shamba, ng'ombe na nyumba nimeviandika kwenye karatasi nyingine mbele ya mashahidi, na mjomba wako anayo. Hii ni ya meno. Najua utacheka, wazee wenzangu wanaacha wosia wa mipaka ya viwanja, babu yako anaacha wa meno. Lakini maabara ya meno ndiyo iliyotulisha, ndiyo iliyomsomesha mama yako, na wewe ndiye uliyeuliza. Ukimaliza kusoma wape na ndugu zako, maana wote mlikunywa maji ya kisima kimoja.

Ulinitumia kwenye simu tangazo la ofa: vinia ishirini, kumi juu na kumi chini, kazi ya siku tatu, bei imepunguzwa mpaka mwisho wa mwezi. Chini yake ukaandika kwamba umechoka kuziba mdomo kwa kiganja kila unapocheka. Sitakuambia kwamba uzuri wa mtu ni tabia. Maneno hayo ni mepesi kwa mzee ambaye hakuna anayeyatazama meno yake tena. Binti wa miaka 24 anayekaa mapokezi, anayeangaliwa mdomoni kutwa nzima, ana haki ya kutaka kucheka bila kujificha. Ninachotaka ujue ni kile utakachokitoa ili ukipate hicho.

Kwanza tuyaweke sawa madoa yenyewe. Hukuyapata kwa uchafu, wala mama yako hakuzembea kukupigisha mswaki. Miamba ya volkano ya Meru na Kilimanjaro, na ya Bonde la Ufa kwenda Naivasha na Nakuru mpaka Ethiopia, ina floraidi nyingi, na maji yanayopita humo huibeba. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Maji ya huku kwetu yamewahi kupimwa yakakutwa na zaidi ya mara kumi ya hapo. Mtoto akiyanywa katika miaka ile ambayo meno yake ya ukubwani yanajengwa ndani ya taya, kabla ya kufika miaka minane hivi, enameli haikomai sawasawa. Inabaki na vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Jino linachomoza likiwa na weupe wa chaki, kisha vile vitundu vinanyonya rangi kadiri miaka inavyokwenda, ndiyo hiyo kahawia unayoiona kwenye kioo. Ongeza magadi tunayotia kwenye maharage na makande ili yaive upesi, nayo yana floraidi yake. Kwa hiyo ni maji na chungu cha bibi yako, si wewe.

Wala si sisi peke yetu duniani. Mwaka 1901 daktari kijana wa meno, Frederick McKay, alifika Colorado Springs huko Marekani akakuta wenyeji wana meno ya kahawia kama ya kwetu. Aliliandama jambo hilo miaka thelathini. Ni mwaka 1931 ndipo mkemia wa kampuni moja ya aluminiamu, H. V. Churchill, alipoyapima maji akaikuta floraidi. McKay alikuwa ameona kitu kingine, na hiki nataka ukishike: meno yale yenye madoa yalikuwa hayaozi ovyo kama mengine. Baadaye, mwaka 1978, Wadenmark wawili, Thylstrup na Fejerskov, walitengeneza kipimo cha madoa haya kuanzia 0 hadi 9, na watoto waliowachunguza walikuwa wa Tanzania hii hii. Kwenye kipimo hicho 0 ni jino lisilo na kitu, na kuanzia 5 enameli inaanza kumeguka vishimo. Wewe, kwa picha ulizonitumia na kwa ninavyokujua tangu uking'oa meno ya utoto, uko kwenye 3 au 4. Rangi ipo, lakini uso wa jino ni mzima. Jino lako lina rangi usiyoipenda. Si jino bovu. Anayekuuzia vinia ishirini hatakaa chini akueleze tofauti hiyo.

Vinia yenyewe ni gamba jembamba la kauri, unene wa nusu milimita hivi, linalobandikwa usoni mwa jino. Zipo pia za kompositi, ile rezini wanayozibia meno, ambazo daktari anaweza kuzijenga palepale kinywani siku moja. Wazo lilianzia Hollywood. Charles Pincus, daktari wa meno wa California, aliwatengenezea waigizaji wa filamu magamba ya kushikiza kwa unga wa kugandishia meno ya bandia. Kamera ikizimwa wanayavua, maana hayakuweza kutafuna hata mkate. Kilichokosekana kilikuwa mshiko. Mwaka 1955 Michael Buonocore alionyesha kwamba enameli ikipakwa asidi ya fosforiki inakwaruzika kidogo mno, na rezini ikimiminwa hapo inaingia na kung'ang'ania. Alikuwa ameona viwandani asidi hiyo ikitumiwa kuandaa chuma kabla ya kupakwa rangi. Miaka ya 1980 wakaanza kuikwaruza na kauri yenyewe upande wa ndani kwa asidi nyingine, na vinia za leo zikapata mwanzo.

Angalia rezini inashika nini. Inashika enameli. Chini ya enameli kuna dentini, laini zaidi, yenye unyevu na vijia vinavyoelekea kwenye neva. Rezini hushika dentini pia, lakini si kwa nguvu ileile wala kwa miaka ileile. Kwa hiyo umri wa vinia hauamuliwi na uzuri wa kauri wala na nchi ilikotoka. Unaamuliwa na kiasi cha enameli kilichobaki baada ya mashine kupita.

Na enameli si nyingi. Karibu na ncha ya jino la mbele ni kama milimita 1. Shingoni, karibu na ufizi, ni nusu ya hapo au chini. Nusu milimita ni unene wa karatasi tano za daftari. Mkono ukizidi kidogo tu, imekwisha. Haioti tena, kwa kuwa chembe hai zilizoijenga hufa jino linapochomoza. Ndiyo maana mfupa ukivunjika huunga, na jino likichongwa hubaki limechongwa mpaka mwenyewe anazikwa nalo.

Sasa nikueleze kazi yangu ilivyokuwa, maana ndiyo inayonipa ujasiri wa kusema haya. Fundi wa maabara haoni mgonjwa. Anapokea chapa ya meno kutoka kliniki, anamimina plasta, na plasta ikikauka ana kinywa cha mtu mezani. Mgonjwa mwenyewe hajui amefanyiwa nini: alipigwa sindano ya ganzi, alifumba macho, na kabla hajashika kioo wamemfunika kwa meno ya muda. Mimi niliona. Niliona meno yaliyoguswa kwa heshima, uso umepunguzwa sawasawa, kingo zimeishia juu kidogo ya ufizi, jino bado ni jino. Madaktari wa namna hiyo niliwajua kwa plasta zao bila kusoma jina kwenye oda, na kazi zao nilizifanya kwanza hata kama zililetwa mwisho. Niliona pia nyingine ambazo oda imeandikwa vinia, lakini mezani pangu vimesimama vigingi. Meno yamechongwa mbele, nyuma na ubavuni. Hiyo si vinia. Ni krauni, kofia inayolivaa jino zima, na wako watu wanaotembea na krauni mdomo mzima wakiamini wamewekewa vinia.

Tofauti yake si ndogo. Mwaka 2002 Edelhoff na Sorensen walipima kiasi cha jino kinachoondoka kwa kila namna ya uchongaji. Vinia iliondoa kati ya asilimia 3 na 30 ya sehemu ya jino inayoonekana kinywani; krauni ya kauri iliondoa kati ya asilimia 63 na 72. Jino lililochongwa kiasi hicho neva yake huweza kufa polepole, na mwenye jino akajikuta anahitaji matibabu ya mzizi akiwa kijana kabisa. Waingereza wamelijua hili kwa uchungu. Vijana wao wanapanda ndege kwenda Uturuki kufuata bei ya chini, na chama chao cha madaktari wa meno kimekuwa kikiwaonya kwa sababu ya wanaorudi na maumivu. Sisemi Waturuki hawajui kazi. Mafundi wao ni hodari, na nimeshika kazi zao nzuri kwa mikono yangu. Ninachotilia shaka ni haraka. Meno ishirini kwa siku tatu mara nyingi huwezekana kwa kuchonga sana, ili kila gamba liketi bila kusumbua, na mtu awahi ndege. Ofa yako haina ndege, lakini haraka ni ileile.

Kuna na hesabu. Kauri nzuri iliyoshika enameli, kwa mtu asiyesaga meno usingizini, huishi miaka 10 hadi 15, na zipo zilizofika 20. Kompositi ni miaka 5 hadi 7 hivi, huku ikihitaji kung'arishwa mara kwa mara. Una miaka 24. Mungu akikujalia umri wangu wa miaka 76, vinia hizo utazibadilisha mara tatu hadi tano. Kila mara ile ya zamani husagwa kwa mashine, na jino huondoka nayo kidogo, hata mkono ukiwa mwepesi namna gani. Huenda ya tatu isikute enameli ya kutosha. Hapo mazungumzo yanahamia kwenye krauni. Tangazo lako lina bei ya mara ya kwanza tu. Na nikisikia umechukua mkopo wa kausha damu kwa ajili ya meno, nitaamka huko nitakakokuwa.

Usidhani nazichukia vinia. Zimenilisha, na nyingine nilizitengeneza kwa mapenzi, nikibaki maabara baada ya wenzangu kuondoka ili nirudie ncha moja tu. Kijana aliyeanguka na bodaboda akavunja meno mawili ya mbele. Mama aliyefika 6 au 7 kwenye kile kipimo, enameli imebonyea na kingo zinamong'onyoka kila akila ugali wa moto. Mtu aliyepewa tetrasaiklini utotoni, meno yakawa na kijivu kinachotoka ndani kabisa, ambako dawa ya kung'arisha hufika kwa shida. Hao vinia iliwafaa. Wachache walitafuta mlango wa maabara wakaja kunishika mkono, na mmoja alikuja na kuku.

Walikuwapo pia walioleta mwanya uzibwe. Niliifanya, kazi ni kazi, lakini kila mara nilinung'unika peke yangu juu ya tanuri. Watu wa pwani wameusifu mwanya miaka nenda miaka rudi. Bibi yako alikuwa nao, na ndio ulionifanya niahirishe safari ya Moshi nikakaa Usa River wiki nzima bila sababu ya maana. Leo mtu analipa fedha uzibwe ili afanane na watu wa kwenye simu. Haya, hilo si lako. Wewe huna mwanya.

Turudi kwako. Ningekuwa na nguvu za kukusindikiza kliniki, ningeomba tuanze na yale ambayo ukiyaacha katikati hujapoteza kitu. Kusafishwa kwanza: ukoga uondolewe na fizi zipone, kwa sababu sehemu ya hiyo rangi ni chai na ukoga vilivyokaa juu ya madoa, na daktari anayeanza kuchonga kwenye fizi zinazotoka damu hana subira ya kazi. Kisha kuna kusugua uso wa jino kwa asidi iliyochanganywa na unga laini wa kukwangulia. Inaondoa kiasi cha sehemu moja ya kumi ya milimita hivi, na kwa kahawia ya juujuu kama yako huweza kubadili sura yote. Hii ifanywe na daktari tu. Nasikia huko mitandaoni watu wanajisugua ndimu na mkaa. Ndimu inayeyusha enameli na mkaa unaikwangua, halafu dentini ya njano inaanza kuonekana, nao wanazidi kusugua.

Baada ya hapo, kung'arisha kwa peroksaidi, ile jeli ya kuvaa usiku kwenye trei iliyotengenezwa kwa kipimo cha meno yako, wiki kadhaa, chini ya macho ya daktari. Usishtuke siku za mwanzo weupe wa chaki ukizidi kujitokeza, hutulia. Maji ya baridi yatakutia ganzi ya meno, nayo hupita. Madoa meupe yanayobaki yana dawa yake: rezini nyepesi sana inayopenya kwenye vile vitundu ikavijaza, na doa likafifia bila jino kuchongwa. Si kila kliniki inayo. Anza kuuliza Muhimbili, huko huko Dar es Salaam uliko, ambako madaktari wa meno hufundishwa, hata kama foleni itakuchosha.

Yakibaki meno mawili matatu yanayokukera, hayo yajengwe kwa kompositi juu yake. Mkumbushe daktari kwamba jino lenye floraidi nyingi linakaidi asidi. Anayejua atatabasamu na kuipa muda zaidi. Kompositi hushika rangi ya chai, tena humeguka, sikufichi. Lakini hurekebishwa siku hiyohiyo kwa fedha ya kawaida, na chini yake jino lako lipo, halijakwenda popote.

Nadhani ukifika hapo ile ofa itakuwa imekutoka moyoni. Ukiwa bado unaitaka vinia, basi iendee, lakini uiendee kwa mpango.

Mwambie daktari unataka kuona kabla ya kuchongwa. Fundi huunda meno mapya kwa nta juu ya plasta, kisha daktari huyahamishia kinywani mwako kwa plastiki laini juu ya meno ambayo hayajaguswa. Ni kazi ndogo, na asiyetaka kuifanya ana haraka ambayo si yako. Ukiwa nayo mdomoni, ongea. Ncha za meno ya juu hugusa mdomo wa chini kila unapotamka f na v. Zikiwa ndefu kupita kiasi utajikuta unapuliza. Sema "fisi mvivu wa Vunjo" mbele ya kioo mpaka uchoke. Kula ndizi. Toka nje upige picha juani, kwa kuwa taa ya kliniki hupendelea. Waonyeshe wanaokupenda, halafu mwonyeshe na mtu mmoja asiyekupenda sana.

Hesabu meno yanayoonekana ukicheka. Wewe yanaonekana manane ya juu; ya chini sijawahi kuyaona tangu ukue. Hayo kumi ya chini kwenye ofa ni ya nani?

Na rangi, mjukuu wangu. Hapa unisamehe nitakawia kidogo, maana ndiko nilikozeekea. Kipimo cha rangi tunachotumia kina rangi 16, A1 mpaka D4, na siku hizi wameongeza nyeupe zinazopita meno yoyote ya kuzaliwa nayo. Kila oda inataka hizo. Lakini jino la kweli halina rangi moja. Shingoni limekolea, katikati limetulia, nchani lina uangavu wa kibuluu unaoonekana mtu akisimama dirishani, na chonge limekolea kuliko wenzake wa mbele. Uso wake una mawimbi madogo yanayovunja mwanga. Fundi anaweza kuyaweka yote hayo kwenye nusu milimita ya kauri, tabaka juu ya tabaka, akichoma tanurini na kupoza na kuchoma tena. Hiyo ndiyo kazi unayolipia. Ukiagiza nyeupe tupu, kumi zinazofanana, umemlipa fundi kisha ukamkataza kufanya kazi, na watu wataona meno kabla hawajakuona wewe. Jambo lingine la rangi: kauri haing'arishwi. Kama utang'arisha meno mengine, yang'arishe kwanza, usubiri wiki mbili rangi itulie, ndipo kauri ichaguliwe ilingane nayo.

Kuhusu mkono utakaokugusa. Jina lake liwemo kwenye orodha ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Uliza bila aibu, daktari wa kweli hachukii. Saluni ya kucha haina kazi na kinywa chako, hata kama ina taa ya buluu inayofanana na ya kliniki. Marekani polisi wamekamata watu waliokuwa wakibandika vinia bila leseni. Ukishakaa kwenye kiti, muulize: utachonga milimita ngapi, na ukifika kwenye dentini utafanyaje? Muulize atakayezitengeneza ni nani, na kama unaweza kuongea naye. Muombe plasta ya meno yako ya kabla, uiweke nyumbani, kwa sababu siku kitu kikivunjika, fundi wa kesho atahitaji kujua ulikuwaje. Akikujibu kwa kukuonyesha picha za mastaa, inuka, mshukuru, uende zako.

Baada ya kuwekewa, maisha yanabadilika kidogo tu, ila hicho kidogo ni kigumu kwa watu wa ukoo wetu. Soda haifunguliwi kwa meno. Muwa unamenywa kwa kisu na kukatwa vipande, hautafunwi kutoka kwenye fimbo yake. Mfupa wa nyama choma uachwe na mafuta yake. Mama yako anasema ulikuwa unasaga meno usingizini. Kama bado, daktari akutengenezee kinga ya kuvaa usiku, la sivyo kauri itapasuka na hutajua ilipasuka lini. Kupiga mswaki na kupitisha uzi kati ya meno kunabaki palepale. Kauri haiozi, lakini jino lililo nyuma yake linaoza, tena kwa siri, kuanzia pale kingo zinapokutana na ufizi.

Tufike kwenye fedha. Vifaa vya maabara, tanuri na mashine za kung'arishia, nilimuuzia kijana mmoja aliyefungua maabara yake mjini Arusha. Sehemu yako iko kwa mama yako mdogo. Inatosha vinia sita za kauri kwa mtu makini, au yote niliyokueleza ya kusafisha na kung'arisha, na ikabaki ya kodi ya chumba. Nimemwambia akupe yote siku utakayoomba, asikuulize ni ya nini. Hata mimi nisingeuliza.

Kuna fedha nyingine ambayo sikumwachia mtu uamuzi. Simtanki la maji ya mvua nimeshalilipia, pamoja na mifereji ya kuzunguka bati lote. Maji ya mvua hayakupita kwenye miamba ya mlima. Wataalamu wa kituo cha utafiti wa floraidi cha Ngurdoto walitufundisha kuchuja maji kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, na chujio bado liko jikoni, lakini mifupa huchoka na kutaka kubadilishwa, na humu ndani hakuna anayekumbuka ilibadilishwa lini. Mtoto yeyote atakayezaliwa au kuletwa kwenye nyumba hii, wako akiwemo, anywe na apikiwe maji ya tanki mpaka apite miaka minane, na akiendelea baada ya hapo ni heri kwa mifupa yake. Magadi yasiingie kwenye chakula cha mtoto. Maharage yalowekwe usiku. Mama yako atabisha kwamba hayataiva. Mwambie babu amesema yataiva, ayaloweke tu.

Ndimi babu yako,
Maji ya Chai, Arumeru